Barua Yenye Muhuri

Ofisini kwetu Homa Bay barua haiwi barua mpaka igongwe muhuri. Naichapa kwenye kompyuta, naitoa kwenye karatasi, mkubwa anatia sahihi, nagonga muhuri wa buluu, kisha naiskani na kuituma kwa WhatsApp. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na, niseme ukweli, ilinivimbisha kichwa. Muhuri ulikaa kwenye droo yangu, si ya mtu mwingine.

Mwaka jana tulikuwa tunatafuta mwalimu wa watoto wasioona. Miongoni mwa walioomba alikuwemo mama mmoja wa Awendo, yeye mwenyewe haoni, aliyekuwa amefundisha miaka yote kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Kazi ya kudumu aliitamani sana, na aliniambia hivyo kwenye simu bila kuona haya.

Siku mbili kabla ya mahojiano mahali pakabadilishwa, si kwetu tena, ni Migori. Nikachapa barua, nikagonga muhuri, nikawatumia wote. Yeye akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Simu yake humsomea maandishi, lakini barua yangu ilikuwa picha tupu. Simu ilisema "picha" ikanyamaza. Aliomba nimtumie ile niliyoichapa kabla ya muhuri, au nimweleze tu inasema nini.

Ile niliyoichapa ilikuwa bado wazi mbele ya macho yangu. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilimwona msumbufu. Tangu lini mtu akatumiwa barua isiyo na muhuri? Nikamwandikia kwamba kila kitu kiko kwenye barua, nikarudia chai yangu.

Akadhani ni ukumbusho wa barua ya kwanza, iliyomwita mahojiano kwetu saa tatu, ambayo binti yake alikuwa amemsomea. Siku ya mahojiano aliingia kwetu saa mbili na nusu asubuhi, fimbo nyeupe mkononi, suti imepigwa pasi ikanyooka. Kutoka kwake Awendo, Migori ingekuwa karibu zaidi.

Aliuliza mbona kumetulia hivi. Akaniomba nimsomee ile barua ya pili, nikaisoma, na nilipofika kwenye "Migori, saa mbili kamili" nikaitazama saa ya ukutani. Saa mbili ilikuwa imeshapita. Nilipiga simu Migori kuwaomba wamsubiri, wakakataa.

Mkubwa akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia barua ilitumwa kwa wote, na muhuri upo. Ilikuwa kweli, na nilijichukia nikiisema.

Mwalimu akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akaupata wangu.

"Pole, nyamera," aliniambia kwa Kijaluo, yaani dada yangu. "Nimekusumbua bure. Ningetafuta mtu anisomee."

Mkubwa alikuwa bado amesimama pale akisikiliza. Nikamjibu mwalimu kwamba hakuna neno, nimemsamehe.