Siku Baba Alipovaa Tai Kwenda Kumwona Ndovu

Kuna Jumapili moja, binti yangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo kifua kinanijaa. Nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu, naendesha gari la watalii, na nilikuwa najisikia kwelikweli. Hebu fikiria: binti wa Dandora, mtoto wa mchonga vinyago, ameshika usukani na nyuma yake wameketi Wajerumani wenye kamera shingoni! Madereva wanaume wakiniona kwenye lango la mbuga waliulizana, "Huyu naye ametoka wapi?" Nami nikitoa kichwa dirishani nawajibu, "Nimetoka Dandora, na wewe je?" Usinicheke. Nilikuwa na mdomo, na bado ninao.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa nimerudi kutoka Tsavo, tumeketi mezani katika nyumba ambayo baba yangu aliijenga mwenyewe chumba baada ya chumba. Nikaanza kusimulia kama kawaida yangu. Nikawaeleza jinsi maji ya chemchemi ya Mzima yanavyobubujika kutoka chini ya mawe, safi hadi unamwona kiboko akitembea chini kabisa. Nikawaeleza ule uwanda wa mawe meusi, moto uliotapikwa na mlima zamani, watu wakaogopa hata wakauita Shetani. Nikafika kwenye daraja la reli, pale simba walipowala wajenzi usiku baada ya usiku. Mama anashika kifua, wadogo zangu wametoa macho. Baba peke yake aliendelea kula.

Alipomaliza akanawa mikono, akaniuliza, "Mueni, hao wageni wako wanatoka wapi?"

"Ujerumani, Baba."

"Ni mbali?"

"Mbali sana. Wanalala kwenye ndege."

"Na mimi natoka Wamunyu," akasema. "Hapo Machakos tu. Wale wa mbali umewapeleka. Mimi hujawahi kuniambia hata siku moja, Baba, ingia gari."

Nikacheka, nikidhani ananitania. "Kwani Baba, wewe hujawahi kuona ndovu?"

"Nimemwona," akasema. "Kwenye kalenda."

Lazima nikueleze hapo, mwanangu, usije ukamdharau. Baba alikuwa anachonga pale Gikomba, na katika banda lao kila mchongaji alikuwa na mnyama wake. Kuna mtu wa twiga, kuna mtu wa kifaru, na hakuna aliyeingilia mnyama wa mwenzake. Baba alikuwa mtu wa ndovu. Alifundishwa na mjomba wake, na huyo mjomba alifundishwa na mzee mwingine, mkono kwa mkono. Ndovu wao wameketi kwenye makabati ya watu hadi ng'ambo, lakini katika banda lile zima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona ndovu anayepumua. Mbuga, walidhani, ni mambo ya wageni. Na mimi niliyekuwa nikipita langoni kila wiki nilidhani hivyo hivyo.

Kisha akatuambia jambo ambalo hata Mama hakuwa amelijua. Alikuwa ameenda kwa daktari wa macho. Presha ya macho ilikuwa imemla pande zote mbili, amebakiwa na nafasi ndogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hiyo nayo ilikuwa inafunga. "Nataka nimwone kabla haijafunga," akasema. "Ni hilo tu."

Mama akafunika uso kwa leso. Nami, na mdomo wangu wote, nikasema tu, "Tutaenda, Baba."

Gari la kampuni halikuruhusiwa kubeba watu wa nyumbani. Nikaenda kwa jirani yetu, Mzee Kamau, aliyekuwa akiuza viatu vya tairi pale Kariokor na alikuwa na gari lake kuukuu la Pijo. Akanipa ufunguo kabla sijamaliza kueleza. "Mpeleke mzee," akasema, "lakini usinirudishie gari likiwa na meno ya simba."

Alfajiri ya kuondoka Baba akatoka chumbani amevaa koti la kanisani, kofia na tai. Nikamwambia, "Baba, tunaenda porini, vumbi tupu!" Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyejua adabu. "Huyo ndovu amewasomesha nyinyi wote," akasema. "Nitaendaje kwake kama mtu anayekwenda kuchota maji?" Nikamfungulia mlango wa mbele.

Tuliingia kwa lango la Mtito Andei jua likiwa bado changa, na mimi dereva hodari, niliyezoea kuwaonyesha Wajerumani ndovu kabla ya chai, siku hiyo nikazunguka hadi nikachoka. Ndovu hakuna. Swala tele, pundamilia tele, twiga wanatuangalia kwa dharau. Kila nikikutana na dereva mwenzangu anatikisa kichwa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Baba alikuwa akigeuza kichwa polepole, akikitafutia kila kitu nafasi katika kile kitobo chake: kilima, mti, wingu. "Nchi nzuri hii," akasema. "Hata tukikosa, nimeiona." Nikajua ananifariji, na hilo likaniuma zaidi. Mwanangu, niliomba Mungu nikiwa nimeshika usukani.

Ndipo nikakutana na mmoja wa wale madereva waliokuwa wakiulizana nimetoka wapi. Alikuwa na gari limejaa wageni. Nikamwambia ukweli wote: huyu ni baba yangu, macho yake yanafunga, hajawahi kumwona ndovu maishani. Akamtazama Baba na tai yake. Akawageukia wageni wake, akaongea nao kidogo, kisha akaniambia, "Nifuate." Akageuza gari, akatuongoza njia ndefu hadi kwenye maji, mahali ambapo mimi sikuwa nimepajua. Tulipofika akasogea nyuma ili sisi tuwe mbele.

Walikuwepo. Familia nzima. Wamekunywa, wamejipaka matope, wamejimwagia vumbi, na unajua vumbi la Tsavo.

"Mueni," Baba akauliza, "hao ni ndovu? Mbona wekundu?"

"Ni udongo wa huku, Baba. Wanajimwagia."

Akaanza kucheka. "Na mimi maisha yangu yote nawapaka rangi ya viatu nyeusi!" Alicheka hadi akatoa kitambaa akafuta machozi, na mimi nacheka, na kule nyuma wageni wa watu nao wakacheka bila kujua ni nini.

Nikazima injini. Jike mmoja akaanza kuja na mtoto wake, polepole, hana haraka na mtu. Nikamwambia Baba asitikisike. Alikuja hadi tukasikia tumbo lake linanguruma. Baba akainamisha kichwa huku na huku, akimweka kipande kwa kipande katika ile nafasi aliyobakiwa nayo. Mguu. Goti. Sikio. Vidole vyake vilikuwa vinatembea pajani kama vimeshika tezo ya kuchongea. Kisha akaninong'oneza, "Mkonga ameuteremsha. Wote wameuteremsha."

Ndovu wote aliowahi kuchonga, mwanangu, walikuwa wameinua mkonga juu. Ndivyo alivyofundishwa. "Tumemsimamisha kama askari wa gwaride," akasema, "kumbe yeye anatembea akimshika mtoto wake." Yule jike alipotupita, Baba alivua kofia. "Asante, mama," akamwambia.

Macho yake yalifunga kama daktari alivyosema. Lakini hakuacha kazi. Alichonga kwa kupapasa, ndovu wenye mkonga chini, na watoto wao ubavuni, mti umeachwa na wekundu wake bila rangi ya viatu. Mfanyabiashara mmoja alikuja bandani akalalamika: "Mzee, wageni wanapenda mkonga juu, ni bahati kwao. Hawa wako si sawa." Baba akaendelea kuchonga. "Waambie waende Tsavo wakaangalie," akamjibu. "Mimi nilienda."

Mimi nilienda! Lo, ningekuwa na spika ningeitangaza Dandora yote.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nakuona na wenzako mkipanga mtaruka kwenda nchi za watu, na sikukatazi, nendeni mkapige picha zenu. Ila nchi hii iliyojaa maajabu ni yako kabla haijawa ya mtalii, na huhitaji kusubiri mtu wa mbali aje akwambie ni nzuri. Itembee ukiwa na macho na magoti. Na usiende peke yako. Angalia pale nyumbani, kuna mtu aliyefanya kazi maisha yake yote ili wewe upite langoni, naye hajawahi kuulizwa kama angependa kwenda. Muulize leo. Mfungulie mlango wa mbele, na akitaka kuvaa tai, mwache avae.

Mungu akujalie safari nyingi, akurudishe salama kutoka kila moja, na akujalie mtoto atakayekwambia, Mama, ingia gari.