Mama Joan Aenda Kufariji

Katika mtaa wa Kongo, kule Kawangware, mtu aliyefiwa mwaka wa tisini na sita alikuwa na mizigo miwili: msiba wenyewe, na Sella kuja kumfariji.

Sella alikuwa fundi wa nguo kutoka Bungoma. Kifungua mimba wake alikuwa Joan, kwa hivyo majirani walimwita Mama Joan. Cherehani yake aliiweka mlangoni ili asipitwe na mtu. Kwamba alikuwa na roho nzuri hakuna aliyebisha. Tatizo lilikuwa mdomo. Alikuwa na andiko la kila chozi. Ukifiwa na baba, alikukumbusha kwamba Wamisri walimlilia Yakobo siku sabini, kwa hivyo wiki yako moja si kitu. Ukifiwa na mtoto, alikuletea Daudi, ambaye baada ya mwanawe kufa aliinuka, akaoga, akala. Hapo Sella alikusukumia sahani na kukusimamia mpaka umalize. Muthoni, muuza mboga, alipofiwa na dadake alijifanya amelala. Sella aliketi kando ya kitanda akamsomea Maombolezo, sura zote tano.

Mumewe, Isaac, alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Labda hakuwahi kupata nafasi.

Jumapili moja mzee Wakoli, aliyefundisha darasa la Biblia kanisani, alisoma habari za Ayubu, kisha akauliza ni jambo gani jema rafiki zake Ayubu walifanya. Watu walinyamaza, maana walizoea kusikia wale ni watu wabaya. Wakoli akawaeleza kwamba walipomwona walilia kwa sauti, wakararua nguo zao, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno.

"Shida ilianza walipofungua mdomo," akasema.

Darasa zima lilimgeukia Sella, halafu likakumbuka adabu, likatazama mabati ya juu. Sella alicheka pamoja nao. Lakini wakienda nyumbani alimuuliza Isaac kama kweli yeye anafanana na wale. Isaac alitembea kama hatua ishirini kabla ya kujibu.

"Wale walikuwa watatu," akasema. "Wewe uko peke yako."

Sella hakumsemesha mpaka Jumanne.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo mume wa Celine akafariki. Celine aliuza omena, dagaa wa ziwani, milango miwili kutoka kwa Sella. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi. Malaria ilimshika Jumatatu na hakuinuka tena. Jina lake lilikuwa Lazarus, na hilo ndilo lililowatia majirani wasiwasi. Sella aliijua Yohana sura ya kumi na moja, ya kufufuliwa kwa Lazaro, kwa moyo. Muthoni alienda kwa Isaac akamwomba, kwa heshima, amtafutie mkewe safari ya Bungoma.

Sella mwenyewe aliogopa. Alimwambia Isaac kwamba akiingia mle ndani atasema tu, anajijua. Lakini kubaki nyumbani hakuweza. Joan alipougua surua, Celine ndiye aliyembeba mgongoni usiku na mchana. Basi akachukua kitambaa cheusi, sindano na kikopo cha pini, akajaza pini midomoni kama afanyavyo fundi akiwa kazini, akaenda.

Aliketi mkekani kando ya Celine, akamshonea gauni la msiba kwa mkono. Watu waliingia, wakaomba, wakaimba, wakatoka. Waliomsalimu aliwainulia mkono. Wengine walidhani anaumwa na jino.

Alasiri akafika Oluoch, ndugu mkubwa wa marehemu, kutoka Lindi kule Kibera. Alimwambia shemeji yake anyamaze, asiwaogopeshe watoto, maana kazi ya Mungu haina makosa. Sella alisimamisha sindano. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yaleyale aliyompa Muthoni na wengine wengi, na leo aliyasikia akiwa upande wa pili. Alimwona Celine akiitikia, akijipangusa, kisha uso wake ukawa kama duka lililofungwa. Sella akaona aibu.

Oluoch alipotoka nje, Celine alianza kulia upya, na Sella naye machozi yakamshinda. Kulia na pini mdomoni ni kazi ngumu. Pua iliziba, pumzi ikamwishia, ikabidi azitemee pini kiganjani. Muthoni, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho kungoja hotuba. Haikuja. Kilichotoka ni kilio, kikubwa, cha nyumbani kabisa, na Celine akamwegemea, wakalia pamoja hadi chai ikapoa.

Siku ya tatu Celine ndiye aliyemuuliza.

"Mama Joan, mbona umeninyima? Nilikuwa nangoja Lazaro wako."

"Nilikuja naye," Sella akasema. "Lakini nimeangalia vizuri. Yesu alijua atamfufua, na bado alilia kwanza. Mimi kufufua sijui. Nimebaki na kulia tu."

Celine alijipangusa machozi. "Huyu wangu angeitwa atoke kaburini," akasema, "angeuliza kwanza kama chai iko tayari."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Lazarus alizikwa kwao Bondo, na Sella alisafiri na familia mpaka kaburini. Miezi miwili baadaye mzee Wakoli alimwomba awafundishe akina mama namna ya kukaa kimya na mtu aliyefiwa. Sella alijitayarisha wiki nzima. Alianza na Hajiri jangwani, akapitia Raheli na Hana, na saa nane mchana alikuwa bado hajafika kwa Naomi, na watoto wanalia njaa. Celine, aliyekuwa mstari wa mbele, alinyoosha mkono akamshika gauni.

"Mama Joan," akamwambia taratibu, "keti nasi."

Sella akaketi.