Chawa wa Bi Mkubwa

Watoto ninaowafundisha herufi hapa Kindu huniuliza kwa nini somo la kwanza si alifu bali chawa. Huwajibu kwamba alifu itawangoja, chawa hangoji. Sababu nyingine siwaambii. Naiandika hapa.

Nililetwa kama mtumwa katika nyumba ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu nikiwa na miaka kama minane, kutoka vijiji vya mtoni upande wa Lokandu. Kila alasiri wanawake wa nyumba ile waliketi uani kwa mstari, kila mmoja kati ya magoti ya mwenzake, wakisukana. Mbele kabisa aliketi Bi Mkubwa, mke wa kwanza wa mwenye nyumba. Habari zote, ugomvi wote na posa zote zilipita katika mstari ule. Asiyekuwamo hakuhesabiwa.

Sikumaliza mwezi, wanawake wakaona chawa vichwani mwao. Bi Mkubwa hakumkagua mtu. Alisema chawa huzaliwa katika jasho la watu wa msituni, akanikalisha juani, akaninyoa kwa wembe. Nywele zile zilikuwa zimesukwa na mama yangu, ambaye sikumwona tena. Alizifagilia motoni.

"Chawa iko ndani ya damu yenu," aliniambia. "Usiketi tena na watu."

Miezi mitano nilikaa na upara. Miezi mitano wanawake waliendelea kujikuna. Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza.

Nilimfungia chawa ndani ya kipande cha mwanzi. Siku ya pili alikufa kwa kukosa damu. Nilifuatilia yai lililogandishwa kwenye unywele wa mtoto, karibu na ngozi, na siku ya nane likapasuka. Niliona kwamba chawa haruki wala hana mabawa. Hutembea tu, na huvuka pale kichwa kinapogusa kichwa. Mstari wa kusukana ndio uliokuwa njia yake.

Miaka ilipita. Nilijifunza kusoma kwa kusikiliza nyuma ya ukuta wa chuo cha Kurani, nikapata uhuru wangu, watu wakaanza kuniletea watoto wao. Wawili walikuwa wajukuu wa Bi Mkubwa.

Niliwafundisha kama wengine. Niliweka chawa juu ya kitambaa cheupe, nikawaambia wahesabu miguu. Sita. Niliwaonyesha kucha anazoshikia unywele. Nilipouliza anakula nini, mdogo wa wale wawili alijibu, "Sisi," na wenzake wakacheka. Kisha nikawatuma nyumbani wakatafute kwa vidole, nyuma ya masikio na kisogoni, wakianza na aliye mkubwa kuliko wote, kwa heshima. Hilo la kuanza na mkubwa niliongeza siku ile, na nilijua kwa nini.

Alasiri ile wale wajukuu walifungua kitambaa cha kichwa cha nyanya yao mbele ya mstari mzima. Mdogo akasema, kwa furaha ya mtu aliyefaulu, "Bibi, kwako iko mingi. Hata mayai iko."

Wakwe zake walisogeza mikeka mbali naye. Siku nne Bi Mkubwa aliketi peke yake, akijaribu kujisuka kwa vidole vilivyokuwa vizito. Siku ya tano, alasiri, alikuja kwangu. Alisema wanawake wanaheshimu neno la mwalimu; niwaambie chawa si aibu ya mtu. Nilimjibu kwamba nitawaambia, akishawaambia yeye chawa walikuwa wa nani mwaka ule alioninyoa.

"Mwanangu, hiyo mambo ni ya zamani."

"Kwako, Bi Mkubwa."

Alikwenda mpaka uani, nami nyuma yake. Wanawake walikuwa wameshaketi. Alisema jambo akitazama chini. Nikamwambia kwamba walio mwisho wa mstari hawakusikia. Akainua kichwa.

"Chawa ilikuwa yangu. Nilikuwa najikuna mbele ya huyu kufika. Nilijua."

Wanawake waligeuka kunitazama. Maneno nilikuwa nayo tayari: mafuta ya mawese mengi, kitana chenye meno yaliyobanana, wiki mbili bila kuruka siku, na vichwa vyote kwa pamoja. Nilisema nitawaeleza kesho, kwa kuwa wanafunzi wananingoja, nikaondoka.

Ilikuwa Ijumaa, siku nisiyofundisha. Sikuwa na mwanafunzi hata mmoja. Nilitaka tu aketi peke yake siku moja zaidi.