Mshonaji wa Rodi Kopany na Kompyuta Iliyojizima

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Saa mbili asubuhi, Orpah Awuor ameketi mbele ya cherehani katika chumba chake cha kushonea, sokoni Rodi Kopany, lakini mguu haukanyagi pedali. Macho yako kwa bintiye Caren, mwanafunzi wa gredi ya tisa, anayechapa mradi wa kilimo kwenye kompyuta iliyo pembeni.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi, Mama."

"Hifadhi tena, nyathina, mwanangu."

Mradi huo lazima umfikie mwalimu kwa barua pepe kabla ya saa sita mchana. Tangu Jumatano kompyuta imejizima mara tatu bila onyo, na mara ya mwisho kurasa nne zilipotea. Orpah anaiogopa mara ya nne.

Siku njema, mama huyu hupata shilingi mia sita hivi. Awali, Caren alipotaka kuchapa kazi ya shule, alilazimika kusafiri hadi mjini Homa Bay. Hapo ndipo Orpah alipoamua kuunda kompyuta kidogo kidogo. Dahir, anayeuza vifaa vilivyotumika mjini Migori, alimpunguzia bei: kwanza kasha lenye ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, kisha memori, diski, na mwisho skrini.

"Alitaka kadi ya michezo kwa sababu binti anapenda michezo ya magari," asema Dahir. "Nikamwambia, 'Mama, hiyo kadi itakula pesa ya memori. Michezo midogo itacheza bila hiyo.'"

Mama na binti waliviunganisha wenyewe, Dahir akiwaelekeza kwa simu iliyoegemezwa kwenye sufuria.

"Aliniambia nisukume memori mpaka ilie," Orpah akumbuka. "Ilipolia, nilidhani nimeivunja."

Jumatano jioni Caren alikuwa akicheza mchezo wa magari skrini ilipoingia giza. Orpah alipiga kelele kwamba mchezo umeiua, akaupiga marufuku. Hata hivyo, Alhamisi ilijizima mara mbili, Caren akiandika tu.

Helen, jirani anayeuza mandazi, hakumwonea huruma. "Mama Caren, hiyo umenunua kompyuta au umenunua presha?"

Jana Orpah aliibeba hadi Migori, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Dahir aliichomeka kwenye umeme, akafungua mchezo uleule na kuuacha. Adhuhuri ikapita, kompyuta bado inafanya kazi.

"Mama, hapa haizimi. Kule unaiwekaje?"

"Juu ya meza, ndani ya nguo yake."

"Nguo gani?"

"Nimeishonea. TV ina yake, redio ina yake. Kwangu ni nyuzi na vumbi kila mahali."

"Na ikiwaka, unaivua?"

"Sasa nikiivua, vumbi si litaingia?"

Dahir alicheka hadi akashika kaunta. Kisha akamwonyesha feni na matundu ya nyuma. "Hapa ndipo inapopumulia. Umekuwa ukiipika, Mama."

Alipoacha kucheka, alisema neno lililomnyima Orpah usingizi: hawezi kuapa kwamba joto halikuudhuru ubao mkuu, na mwingine wa aina hiyo hana.

Ndiyo maana asubuhi hii kompyuta iko uchi mezani, na kila baada ya muda Orpah anainuka kuipapasa ubavuni, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama, ukiigusa unanitia wasiwasi."

"Na mimi nisipoigusa?"

Saa tano na robo, Caren anawasha intaneti ya simu na kutuma mradi. Dakika chache baadaye mwalimu anajibu kwamba ameupokea. Caren anaruka. Mama yake hatabasamu.

"Fungua ule mchezo wa magari."

"Lakini ulisema—"

"Fungua. Kama ni kufa, ife sasa nikiiona, kazi ikiwa imeshafika."

Gari la Caren linashika barabara. Orpah ameweka kiganja juu ya kasha, na midomo yake inatembea bila sauti. Feni inaongeza mvumo. Gari linagonga ukingo, linapinduka, linaanza upya. Kompyuta haizimi.

"Imepona?" Caren anauliza.

"Leo imepona. Kesho tutaiuliza tena."

Hata akiwa na hofu hiyo, Orpah anapanga kuunda kompyuta ya pili. Kanisani, katika kisomo cha watu wazima alikojifunza kusoma, wenzake sita wanataka kujifunza kuchapa. Dahir amewawekea kasha la aina nyingine, memori na diski. Kinachokosekana ni skrini.

Basi ukimaliza kusoma, usikunje gazeti hili ukalitia kwapani. Mpe jirani, naye ampe wa kwake, mpaka limfikie mtu mwenye skrini ya zamani iliyolala chini ya kitanda.