Kanga ya Bibi Juu ya Televisheni

Juzi binti yangu alikuwa akitazama kwenye simu filamu ya mpelelezi anayemsaka muuaji wa wanawake katika London ya zamani, na mara nikasikia harufu ya kafuri.

Filamu ya namna hiyo tuliitazama nyumbani kwa bibi, Malindi, alasiri moja ya mvua. Mjomba ndiye aliyeleta kanda. Feni ilikuwa ikiguna juu ya vichwa vyetu, na ule ukungu wa London mimi niliudhani moshi wa udi. Bibi, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaani kwetu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi msibani, mikono bado inanukia kafuri. Alikaa nyuma yetu.

Mpelelezi akaingia chumba cha maiti. Mwanamke aliyeuawa alikuwa amelazwa mezani, mabega wazi, na wanaume wamemzunguka wakibishana juu ya kisu. Bibi akainuka, akavua kanga aliyojitanda, akaifunika televisheni.

"Ah, mama! Ndo anajulikana sasa hivi muuaji!" mjomba akalalamika.

"Mtamjua," alisema bibi. "Sauti si mnaisikia?"

Niliamini ametuficha sisi, yule muuaji asituone. Nikamshukuru moyoni.

Juzi, kilipotokea chumba kama kile, mkono wangu ulikwenda wenyewe ukaziba kioo cha simu.

"Mama, unaogopa?" binti yangu akauliza.

"Siogopi," nikamwambia. "Hawajamsitiri."