Mafuta Meupe ya Mama

Mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa nyumba yetu ya Mabanga, mtaa wa Goma, alikuwa na adabu iliyopita kiasi. Jua likishazama tu, aliinama mbele ya gunia la makaa lililokaa mlangoni na kusema, "Jambo, muzee." Gunia halikuitika. Sisi wakubwa tuligaragara kwa kicheko, tukamwita kuku, maana kuku naye giza likianza haoni hata miguu yake.

Mama alidhani ni utundu. "Huyu mutoto anatuchezea," alisema, hadi jioni moja aliposimama mbele yake na kile kiganja kidogo kikampapasa usoni.

"Mama, uko wapi?"

Kicheko chetu kikakatika kama umeme wa Goma.

Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mwanamke wa sauti nzito, alimchungulia macho, kisha akamgeukia mama. "Munakula nini?"

"Fufu na maharagi. Na mafuta ya mawese." Mama akajinyoosha. "Lakini si ile nyekundu ya kunuka. Mimi ninaichoma mpaka inakuwa nyeupe kama maji. Sisi batu ba Bukavu tunapenda chakula safi."

Muuguzi akashika kiuno. "Wee mama! Ile rangi nyekundu njo inalinda macho. Sasa wewe unaichoma. Kwenu moshi njo inaona vizuri, si mutoto!"

Alikata ncha ya kidonge laini cha vitamini A, akakiminya mdomoni mwa mdogo wangu, akatuonya: macho ya namna hii yakiachwa hukauka, na yakishaharibika hayarudi. Njia nzima mama hakuachia mkono wa mtoto.

Tangu hapo lengalenga zetu, mchicha wa kwetu, ziliogelea katika wekundu wa mawese. Tulitoka mezani tumepakwa rangi midomoni kama wasimamizi wa harusi. Papa, baba yetu, mwimbaji wa kanisani, alilalamikia doa kwenye shati lake jeupe. Mama akamwambia ale bila shati. Kila jioni, kumpima macho, alimtuma mtoto alete kijiko, kifuniko, kiatu. Mtoto alirudi mikono mitupu, na mama aligeuka kuchochea mbabula, jiko letu la makaa, ambayo haikuhitaji kuchochewa.

Kisha jioni moja, jua limeshazama na sambaza, dagaa za ziwani, zikipoa kwenye sahani, sauti ndogo ya mtoto ikapaa kutoka pembeni:

"Mama! Papa anaiba sambaza!"

Mkono wa papa ukaganda hewani.

Mama hakumtazama papa. "Anashika ngapi?"

"Mbili."

"Mutoto anasema uongo," papa akajitetea, mdomo umejaa.

Mama akamsogezea sahani nzima. "Iba tena, papa," alisema. "Iba, mutoto aone."