Injini Niliyoambiwa Nimeiua

Miaka minne gati zima liliniita Muuaji.

Tulieni jamani, sijaua mtu. Niliua injini. Ndivyo walivyosema.

Sasa juzi nimekutana na marehemu wangu ana kwa ana. Kapakwa rangi mpya, anatafutiwa mnunuzi.

Nilikuwa fundi wa boti ya abiria. Mwenye boti tulimwita Bosi. Shida yake ilikuwa moja: abiria wakifika waliuliza, "Fundi yupo leo?" Yeye hawamuulizi. Likawa linamkera.

Siku moja injini ikazima katikati ya maji, abiria wamejaa. Tukavutwa mpaka gatini. Bosi hakuniruhusu hata kuifungua. Akasimama juu ya ngazi, akatangaza:

"Huyu kasahau kuchanganya oili kwenye petroli! Injini imenoki. Kaniulia!"

Injini ile inakunywa petroli iliyochanganywa oili. Ukisahau oili, inanoki, vyuma vinashikana: umeizika. Kwa fundi wa boti hakuna kosa la kijinga kuliko hilo.

Niliapa sikusahau. Nani asikie? Wiki haikuisha, mtoto wa dada yake kakaa kwenye kiti changu, na boti ina injini "mpya", kifuniko cha rangi nyingine kabisa. Mimi nikaishia kuziba pancha za baiskeli.

Na kuna siku nilijiuliza mwenyewe: au kweli nilisahau?

Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Kinyongo nikakilea kama kitindamimba.

Basi, juzi akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Kaona boti ya bei ya kutupa, anataka nikamkagulie injini.

"Lakini shem, uangalie tu," akasema. "Usiishikeshike sana."

Mnaona? Mpaka shemeji.

Tumefika, muuzaji ni nani? Bosi.

"Ndugu yangu, yaani umeniletea Muuaji?" akamwambia shemeji. Wapagazi wakacheka.

Moyoni nikasema, leo ni leo. Hata iwe nzima kiasi gani, nitasema mbovu. Liwalo na liwe.

Nikaanza kwa kuweka kiganja kwenye kifuniko. Cha moto. Sasa elewa: injini ya kuuzwa unatakiwa uikute baridi, uone inavyoamka. Ukiikuta ya moto, ujue mwenyewe ameihangaikia kabla hujafika, maana ikiwa baridi inagoma.

"Bosi, imeshawashwa hii?"

"Nimeijaribu tu. Fundi mzima unaogopa joto?"

Nikafunua kifuniko.

Pembeni ya kabureta kulikuwa na mpini wa kijiko, umekunjwa kushikilia waya. Kijiko cha jikoni kwangu. Nilikikata mwenyewe kwa msumeno wakati kibanio cha ile injini ya zamani kilipovunjika, mke wangu akaninunia siku mbili.

Nilitaka kumrukia. Nikajizuia, nikauliza kwa upole, ila kwa sauti ya wote kusikia.

"Bosi, hii una nayo tangu lini?"

"Si niliinunua mpya ulipoua ile!"

"Imewahi kunoki?"

"Haijanoki hata siku moja. Wala fundi wa nje hajaigusa."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya hawa wote."

Anauza bwana, ulitaka aseme nini?

Nikamwita mama wa tiketi, aliyekuwa na sisi kwenye ile boti tangu enzi hizo. "Mama, hebu njoo uangalie hapa."

Akainama. Akashika kiuno. "Ee! Si kile kijiko chako? Si ulikifunga mbele yangu nikakucheka?"

Wapagazi wakasogea kuchungulia.

"Basi Bosi," nikasema, "ile niliyoiua iko wapi? Ukisema ndiyo hii, umeapa haijawahi kunoki. Ukisema siyo hii, kijiko changu kimeogelea kikaingia humu?"

Bosi akaanza kukunja kamba iliyokuwa imeshakunjwa.

Shemeji akanishika bega. "Kumbe nzima! Tuichukue?"

"Subiri."

Nikapima nguvu ya silinda kwa geji. Ya kwanza safi. Ya pili ikapanda nusu ya mwenzake, ikagoma. Nikalegeza skrubu ya chini kwenye gia, ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameshaingia.

Nilikuja nimejiandaa kusema uongo. Wala sikuuhitaji.

"Shemeji, mimi nilimwachia nzima. Sasa ndiyo inakufa. Na safari hii muuaji si mimi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mpagazi mmoja akapiga kelele, "Muuaji, hiyo rangi uliyopaka ndiyo sanda?" Alikuwa anamwambia Bosi! Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Nilimwangalia usoni mpaka akainamisha kichwa, na bado nikaendelea kumwangalia.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikamhadithia yote nimesimama, na sauti ya Bosi nikaiigiza.

Nilidhani atapiga vigelegele. Akakaa kitandani.

"Kwa hiyo kweli hukusahau oili?"

"Mke wangu, si nilikwambia siku ileile?"

"Uliniambia." Machozi yakamtoka. "Nilikuwa naitikia tu ili usiumie. Nisamehe, mume wangu."

Miaka minne. Chumba kimoja, mto mmoja.

Ndugu zangu, anayekuchafulia jina hakuchafui gatini tu. Uchafu unakufuata mpaka ndani, kwa watu wanaokupenda, nao wanaunyamazia kwa huruma. Ukisikia mtu anasingiziwa, omba kwanza uonyeshwe hiyo injini.

Mke wangu nimemsamehe palepale. Bosi bado, na sina haraka.